UZI: Kijana ana kasi ya ajabu lakini hana miguu. Mwili au ufundi?

KochaWaKatuba (Jumatatu, saa 3 usiku)

Yambo wote.

Nafundisha ngumi uani kwangu, Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na moja sasa. Nina vijana kumi na wanane, jozi sita za glavu, na mifuko miwili ya mchanga na matambara iliyoning'inia kwenye mwembe. Kati yao yuko mmoja wa miaka 16, kilo 57, ambaye sijawahi kuona mfano wake hapa uani. Mikono anaishusha mpaka kiunoni. Ngumi ikija anavuta kichwa nyuma, inapita mbele ya pua, na kabla mwenzake hajaurudisha mkono ameshapigwa mbili. Nusu ya niliyomfundisha hayatumii, na bado anashinda.

Jumapili nilimkutanisha na bwana mmoja wa komini ya Kenya (ya hapa mjini, si nchi), miaka 32, mtu asiye na kasi yoyote ya kusimulia. Raundi ya kwanza kijana alimchezea atakavyo. Ya pili yule bwana akaacha kutafuta kichwa, akawa anagonga kifua na bega, na kila akigonga anauweka mguu wake wa kushoto nje kidogo, kidogo tu. Ya tatu kijana alijikuta mgongo uko ukutani na hajui amefikaje. Hakuumia. Lakini niliona macho yake, ni macho ya mtu aliyepotea njia kwenye mtaa wa kwao.

Ninayefundisha naye anasema mwache, kipaji ukikifunga kamba kinakufa. Mimi nasema miguu afundishwe sasa, hata kama mwaka mzima atapigwa na watu anaowapiga leo. Tumebishana mpaka salamu zimekuwa fupi. Naomba mawazo ya watu walioitazama ngumi raundi kwa raundi, si vipande vya dakika moja kwenye simu.

Sababu yangu ni Roy Jones. Nampenda kuliko bondia yeyote. Sijaona mtu mwingine aliyepewa mwili wa namna ile. Alikuwa anaanza na ngumi ya kushoto ya mzunguko, anaruka nayo kutoka mbali, jambo ambalo mwanafunzi akilifanya hapa uani nitasimamisha mazoezi. Alificha mikono mgongoni katikati ya pambano. Alianzia uzito wa kati, na tarehe 1 Machi 2003 akamshinda John Ruiz na kuchukua mkanda wa uzito wa juu wa WBA, mojawapo ya vyama vya ngumi vya dunia. Mei 2004 Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili. Septemba mwaka huohuo Glen Johnson akamlaza raundi ya tisa. Alikuwa na miaka 35. Ile chembe ya sekunde iliyokuwa ikimtoa kwenye njia ya ngumi ilikuwa imekwenda, na ilipokwenda hapakuwa na kitu kingine cha kushika: mikono chini, kidevu juu, miguu haijazoea kumtoa pembeni.

Sasa mtazameni Bernard Hopkins, aliyemzidi Jones miaka minne. Jones alimshinda kwa pointi Mei 1993, na hakuna aliyebisha. Aprili 2010 wakarudiana, akashinda Hopkins. Mei 2011, ana miaka 46, akamshinda Jean Pascal, na hapakuwahi kuwa na bingwa wa dunia mzee kuliko yeye. Miaka miwili baadaye, akiwa na 48, akamshinda Tavoris Cloud na kuivunja rekodi yake mwenyewe. Hakuna ngumi ya Hopkins ambayo kijana wangu hawezi kuipiga kwa kasi zaidi. Mimi nataka awe na vyote viwili, na naogopa kwamba miaka ya kumpa cha pili ni hii tu.

---

Gauche_Ruashi

Papa Kocha, heshima yako. Lakini miye niko upande ya mwenzako.

Roy Jones unamuhukumu na mwisho yake. Mbele ya ile 2004 alipigana miaka kumi na tano na hapana mutu alimuweza. Mara moja tu, mu 1997, balimutoa juu alimupiga Montell Griffin akiwa ameshapiga goti. Mwaka ule ule akarudiana naye, akamumaliza mu raundi ya kwanza. Kocha gani wa hapa Lubumbashi iko na bondia wa miaka kumi na tano vile? Unaogopa ya miaka 35 ya mutoto ambaye leo iko na 16!

Na Muhammad Ali je? Mikono chini, kichwa anavuta nyuma. Njo makosa ya kijana yako yale yale. Kama kocha wake angemukataza, sisi batu ya Congo hatungekuwa na ile usiku ya Kinshasa, alimupiga George Foreman.

Miye napiga na mukono ya kushoto. Makocha watatu balitaka kunigeuza, nikakataa. Njo maana nasemea huyu kijana.

---

Mzee_Kamalondo

Wanangu, mnavuka bahari kutafuta mfano, na mfano umezaliwa hapa.

Sumbu Kalambay alizaliwa katika mji huu Aprili 1956, ukiitwa bado Elisabethville. Akaenda Italia, akawa raia wa huko, wakamwita Patrizio. Vijana wengi wa leo hawalijui jina hilo, na linaniuma, kwa sababu komini zote za Lubumbashi hazijatoa bondia aliyefika alikofika yeye.

Nitawaeleza alikuwa bondia wa namna gani. Hakuwa mtu wa kungoja ngumi moja ya kumaliza kazi. Alikuwa na mkono wa kushoto ulionyooka, unatoka bila kutangaza, bega halitikisiki kwanza, kiwiko hakitoki nje. Na miguu iliutumikia mkono ule. Akipiga, tayari amesimama mahali pengine. Wewe Kocha umeeleza mguu wa yule bwana wa Kenya unaokwenda nje kidogo kidogo. Kalambay alikuwa hivyo kwa raundi kumi na tano.

Mei 1987 alikwenda Wembley kupigana na Herol Graham, Mwingereza ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja na ambaye watu walisema hagusiki. Kalambay alimgusa usiku kucha, akashinda kwa pointi, akaondoka na ubingwa wa Ulaya. Oktoba, kule Livorno, akamshinda Iran Barkley kwa mkanda wa WBA wa uzito wa kati. Huyo Barkley ndiye aliyemlaza Thomas Hearns mwaka uliofuata. Halafu Machi 1988, Pesaro, akaja Mike McCallum wa Jamaica, naye hajashindwa. Yule McCallum makocha wote wanamtolea mfano wa kupiga mbavu. Kalambay akamshinda kwa pointi. Tafuteni pambano hilo mlitazame lote, bila kurukisha. Mtaona mtu anayeshinda kwa sentimita tano: hapigwi kwa sentimita tano, anapiga kwa sentimita tano, raundi baada ya raundi. Hakuna hata dakika moja utakayoikata umtumie rafiki, na lote ni somo.

---

Gauche_Ruashi

Mzee wangu, aksanti kwa ile historia. Lakini umalizie. Tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, Michael Nunn. Sekunde 88.

---

Mzee_Kamalondo

Nitaimalizia, mwanangu, hukukosea kuuliza.

Nunn alikuwa mrefu, wa mkono wa kushoto kama wewe, mwepesi wa miguu na mikono kuliko mtu yeyote wa uzito ule. Kalambay hakupata hata nafasi ya kupima umbali. Ngumi moja ya kushoto, akaanguka, akajaribu kuinuka miguu ikakataa. Habari ilipotufikia hapa Kamalondo sikula usiku ule. Ufundi unahitaji muda wa kusoma, na mwenye kasi anaweza kukunyima huo muda. Kocha, hilo usilifiche kwa vijana wako.

Ila kamba haikukatikia hapo. Mei 1991 Nunn alikwenda kupigana Davenport, mji wake wa kuzaliwa, na James Toney, kijana wa miaka 22. Kwa raundi kumi Nunn alikuwa mbele kwenye kadi za majaji wote watatu. Toney alikuwa na tumbo la mtu anayependa chakula, miguu haina mbio, lakini alijua kusimama karibu, kulaza bega ngumi ipite juu yake, na kujibu palepale. Raundi ya kumi na moja akammaliza. Novemba 1994 Toney akakutana na Roy Jones. Raundi ya tatu Jones akashusha mikono akimchokoza, Toney naye akashusha kumwigiza, na Jones akaruka na ile ngumi yake ya kushoto akamwangusha. Akashinda pambano lote. Mwaka wa 1996 Jones akamshinda hata McCallum, aliyekuwa anakaribia miaka 40.

Basi: Kalambay alimshinda McCallum, Nunn akamlaza Kalambay, Toney akamlaza Nunn, Jones akamshinda Toney. Kila mmoja amepigwa na wa namna nyingine. Ninachokiona katika mlolongo huo ni saa. Mwenye mwili hushinda mapema au hushinda akiwa kijana. Pambano likirefuka, au maisha yakirefuka, mambo huanza kuhamia upande wa pili. Nunn alishinda kwa sekunde 88 na akashindwa baada ya nusu saa ya kupigana.

---

Dada_wa_Kadutu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Nimepigana kwa miaka sita na sasa nasaidia kufundisha wasichana. Baba Kocha na Mzee, mniruhusu niseme kwamba swali lenyewe nadhani limekatwa vibaya.

Jicho likiona kitu, mpaka kichwa kianze kusogea, hupita kama sekunde 0.2. Mazoezi hayaishushi sana. Ngumi iliyonyooka, ikitoka karibu, hufika ndani ya muda kama huo. Maana yake hakuna mwanadamu anayekwepa ngumi kwa kuiona ngumi. Anaona bega linavyoanza, mguu wa mbele unavyokanyaga, pumzi inavyovutwa. Anajua ngumi kabla haijatoka. Na huko kujua hakuzaliwi nako, kunakusanywa kwa kutazama watu wengi wakipiga.

Mimi sikuwa na kasi. Miaka miwili ya kwanza nilipigwa na kila msichana. Nilichofanya ni kukaa pembeni kila siku na kutazama mabega ya wenzangu tu, si mikono. Mwaka wa tatu wakaanza kuniambia nina "reflekse". Wao walikuwa wanaona mwili, na mimi najua nilivyoupata.

Kwa hiyo Baba Kocha: kijana wako amewatazama hao kumi na saba kila wiki. Anawasoma kama daftari lake mwenyewe. Yule bwana wa miaka 32 alikuwa daftari jipya, tena la mtu anayeficha mwandiko. Kabla hujaamua kwamba ana kipaji au hana miguu, mkutanishe na watu wa namna mbalimbali asiowajua, ndipo utajua ni kipi alichonacho.

Kuhusu Jones nitaongeza moja. Hata yeye alikuwa anasoma. Tofauti yake na Hopkins ni kwamba Jones alisoma kisha akangoja mpaka nukta ya mwisho ndipo asogee, kwa sababu mwili ulimruhusu kuchelewa. Hopkins alisoma akasogea mapema. Wote wawili walijua. Mmoja tu ndiye alijizoeza kuchelewa, na mwili ulipopunguza mwendo kuchelewa kukawa kupigwa.

---

KochaWaKatuba

Dada, nimeisoma hiyo mara tatu. Nimemsomea na mke wangu.

Imenirudisha kwa Ali, ambaye Gauche alimtaja. Ali wa 1966, yule aliyemmaliza Cleveland Williams kule Houston, alikuwa mwili mtupu: anacheza, anavuta kichwa nyuma, hashikiki. Kisha wakamfungia, akakaa miaka mitatu na nusu bila kupigana. Aliporudi miguu haikuwa ileile. Tarehe 8 Machi 1971, raundi ya kumi na tano, ngumi ya kushoto ya Joe Frazier ikamkuta kichwa kikiwa pale ambapo zamani kisingekuwapo, akaenda chini.

Sasa nendeni Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Ali ana miaka 32, Foreman 25, ameshinda mapambano 40 yote, 37 kwa KO, yaani kwa kulaza mtu. Watu wanakumbuka Ali alivyoegemea kamba za ulingo. Mimi nakumbuka raundi ya kwanza. Ali alianza kwa mkono wa kulia, moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto. Ule mkono unasafiri mbali zaidi, na mtu hampigi nao bingwa namna hiyo isipokuwa ana hakika mwenzake hautegemei. Foreman alikuwa amejiandaa kusoma kitabu kingine. Kisha zikaja kamba, mikono imefunika, na kila Foreman akiingia Ali anaivuta shingo yake chini kwa mkono, anamfanya abebe uzito. Hilo la shingo halionekani kwenye picha nyingi, na ndilo lililomchosha Foreman pamoja na ngumi zake mwenyewe. Raundi ya nane Ali akamlaza, yakaisha.

Kwa hiyo Gauche, ule usiku unaoutetea haukuletwa na mikono ya chini. Uliletwa na mtu ambaye mwili wake wa kwanza ulikuwa umeondoka, akajenga wa pili.

Na Foreman mwenyewe! Novemba 1994, miaka 45, mzito, mpole wa mwendo, amevaa bukta ileile nyekundu ya Kinshasa. Pembeni kwake yuko kocha Angelo Dundee, yule aliyekuwa pembeni kwa Ali usiku wa Kinshasa. Michael Moorer alimwongoza raundi tisa. Foreman aligonga, akagonga, akimweka mahali, na raundi ya kumi akapiga mkono wa kulia mfupi, akamlaza. Alikuwa ameungojea pambano zima. Akiwa na miaka 25 asingengoja hata raundi mbili.

---

Msasani_Ulingoni

Wakuu, salamu kutoka Dar. Mmemsahau Deontay Wilder. Alianza ngumi ana miaka 20, na miaka mitatu baadaye akapata medali ya shaba Olimpiki ya Beijing. Mkono wa kulia ule hafundishwi mtu. Luis Ortiz alimzidi kwa kila kitu, na akalazwa mara mbili kwa mkono huohuo. Kisha Tyson Fury, Februari 2020, akamrudisha nyuma, na kumbe Wilder hakuwa na lolote la kufanya akienda kinyumenyume. Raundi ya saba taulo likaingia, watu wa Wilder wakakubali kushindwa. Kocha, naungana nawe, mfundishe kijana kurudi nyuma akiwa bado hakuna anayemrudisha.

---

MwanaKananga

Niko Lubumbashi ila nimezaliwa Kananga, kwao Ilunga Makabu na Martin Bakole, kwa hiyo mtanivumilia.

Mnasema mwili na ufundi, mmesahau kujiandaa. Agosti 2024 Bakole alimsimamisha Jared Anderson raundi ya tano huko Los Angeles, na Anderson alikuwa hajashindwa. Siku ile mwili na akili vilikuwa pamoja. Februari 2025 wakamwita siku mbili hivi kabla, aende Riyadh kupigana na Joseph Parker. Akakubali, akapanda mzani akiwa na kilo 143, akasimamishwa raundi ya pili. Ni mtu yuleyule, mikono ileile. Nililia, sitaficha.

Kocha, huyo kijana anakula nini? Anakimbia asubuhi? Shule anaenda? Miaka 16 kwa bukari peke yake na maharage mara moja kwa siku, hata ukimfundisha miguu ya Kalambay haitamfikisha raundi ya sita.

---

KochaWaKatuba

Swali la haki. Anaishi na bibi yake. Anakimbia saa kumi na moja asubuhi, mpaka njia ya reli na kurudi. Shule anaenda, karo ya muhula huu bado. Siku za mazoezi nyumbani kwangu tunapika sombe na ndagala, anakula na wanangu. Siyo kila siku, sijui nifanyeje kwa siku nyingine.

---

Gauche_Ruashi

Papa Kocha, miye niko na kilo 60, nimepigana mapambano tisa. Jumamosi naweza kuya ku Katuba. Huyu kijana alishapigana na mutu ya kushoto?

---

KochaWaKatuba

Hajawahi. Njoo, baba. Saa nane, kabla jua halijaingia upande wa ukuta.

---

KochaWaKatuba (Jumapili, saa 2 usiku)

Narudi na habari za jana.

Gauche alikuja, na mwenzangu alikuja pia, tukasimama pamoja. Raundi ya kwanza kijana alipigwa mkono wa kushoto mara nne, zote katikati ya uso. Kila mara alivuta kichwa nyuma, na kila mara alikivuta kuelekea kule ngumi inakotoka. Dada wa Kadutu, ilikuwa kama ulivyoandika: bega analolijua halikuwa upande wake wa kawaida, na ghafla hakuwa na kasi. Nilitaka kusimamisha. Mwenzangu akanishika mkono akasema ngoja.

Raundi ya pili akapigwa mara mbili. Ya tatu alianza kutazama chini, nikadhani amekata tamaa. Kumbe anatazama mguu wa mbele wa Gauche. Mwishoni mwa raundi Gauche alipokanyaga, kijana alishaondoka, akampiga mkono wa kulia mbavuni, na Gauche mwenyewe atawaambia kama aliusikia. Dakika tisa tu, akiwa na mtu asiyewahi kumwona! Hilo mwenzangu ananiambia ni kipaji, na sina la kumjibu. Kujifunza upesi namna ile sijamfundisha mimi.

Lakini hata alipomsoma, alikwenda nyuma moja kwa moja. Hakwenda pembeni hata mara moja. Hilo tuliliona wote watatu, na mwenzangu amekubali: dakika ishirini za miguu kila siku kabla ya kuvaa glavu, mistari tumeichora chini kwa chokaa, na hatua ya kwanza kila mara ni ya kushoto kwenda nje. Mikono ya chini tumeiacha kwanza. Hapo bado hatujakubaliana, tutaendelea.

MwanaKananga, aksanti kwa ujumbe wa faragha kuhusu karo.

Leo baada ya misa kijana amekuja nyumbani, nyusi imevimba. Sikumwambia lolote kuhusu jana. Alikunywa maji, akakaa kwenye gogo chini ya mwembe, akauliza yule bwana wa Kenya anarudi lini.